Nyumba Zilizopigiwa Hodi

Fundi Saa alifungua kibanda chake saa mbili kamili asubuhi, kama kila siku. Alipangusa kioo cha meza. Akapanga vibano vyake vitatu, kopo la betri na bisibisi nyembamba kama njiti. Akavaa lenzi jichoni, akakaa kungoja wateja. Wateja hawakuja. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, na simu haina haja na fundi wa aina yake.

Kufikia saa sita mchana alikuwa amezungumza na mtu mmoja tu. Mtu huyo alitaka kujua choo kiko wapi.

Fundi Saa alikuwa mjane. Mke wake alifariki mwaka uliopita kwa kiharusi. Walikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye alishona mashati kiwandani katika mji wa mbali. Binti alipiga simu kila Jumapili jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya baba. Kesho naingia kazini mapema."

Basi, simu imekwisha. Zamani binti huyu alikuwa na maneno mpaka salio linaisha. Tangu msiba wa mama yake, maneno yalikauka. Fundi alijua sababu. Siku ya mazishi binti alimuuliza, "Baba, mama hakuwahi kupimwa presha?" Yeye akajibu, "Alipimwa. Ilikuwa sawa." Haikuwa kweli. Mke wake hakuwahi kupimwa hata siku moja. Binti alimtazama usoni, akanyamaza, na ukimya ule haukuisha.

Kwa hiyo wiki ya Fundi Saa ilikuwa ndefu na baridi. Isipokuwa Alhamisi.

Alhamisi saa tisa alasiri alifunga kibanda, akavaa shati la mikono mirefu, akaenda shuleni. Watoto walikuwa wameshaondoka. Katika darasa la pili, kwenye madawati madogo yanayobana magoti, walikaa watu wazima kumi na mmoja. Huo ndio uliokuwa Umoja wa Afya wa Mtaa. Palikuwa na muuguzi wa zahanati, mwalimu mkuu, kiongozi wa soko, watu wa nyumba za ibada na wengine. Mwenyekiti alikuwa Kinyozi, kwa sababu alijua habari za kila kichwa. Fundi Saa alikuwa katibu, kwa sababu mwandiko wake ulisomeka.

"Katibu ameingia," alisema Kinyozi kila Alhamisi. "Sasa saa zetu ziko sawa."

Watu walicheka, na Fundi alicheka pia. Utani ulikuwa uleule kwa miaka mitatu. Yeye aliungojea wiki nzima.

Umoja ulianza baada ya watu watano wa mtaa kuanguka kwa kiharusi ndani ya mwaka mmoja. Wote watano walikuwa na presha bila kujua. Damu ilisukuma mishipa kwa nguvu mno, miaka nenda miaka rudi, nao walijiona wazima. Ndipo watu wakakubaliana. Kila mtu mzima apimwe presha. Atakayekutwa nayo, apate dawa na aendelee nazo. Lilikuwa jambo zuri, na watu walilianza kwa moyo.

Alhamisi moja Kinyozi aliingia na barua. Aliisoma amesimama. Ofisi ya afya ilikuwa inatuma mtu wa kufanya tathmini. Umoja utakaoonekana hauwasaidii wananchi utavunjwa.

Fundi Saa aliiweka kalamu chini. Hakuwaza presha. Hakuwaza wananchi. Aliwaza Alhamisi. Umoja ukivunjwa, nani mwingine atamwita katibu?

"Tunaogopa nini?" alisema Kinyozi. "Katibu, hebu soma takwimu zetu."

Fundi alifungua daftari. "Mikutano, mia moja arobaini na sita. Vipeperushi, elfu moja na mia mbili. Mabango, thelathini. Fulana, hamsini. Nyumba zilizofikiwa, mia nne kumi na mbili kati ya mia nne thelathini."

"Mmesikia?" alisema Kinyozi. "Tumebakiza kugawa soksi tu."

Alhamisi iliyofuata mgeni alikuja. Alikuwa mwanamke wa makamo, muuguzi wa zamani, mwenye viatu vya kutembelea na mkoba mzito. Hakukaa mbele kwenye kiti cha mwalimu. Alijibana kwenye dawati kama wao.

"Shikamooni wazee wangu. Nimetumwa kufanya tathmini," alisema. "Msishtuke na hilo neno. Ninyi mnapima watu presha. Mimi nimekuja tuupime umoja wenyewe. Mtu akipimwa halafu akaambiwa uongo, atapona?"

"Hatapona," alijibu muuguzi wa zahanati.

"Na umoja ni vivyo hivyo. Haya, niambieni. Mmefanya nini?"

Fundi alisimama, akasoma. "Mikutano mia moja arobaini na sita."

"Hongereni. Kisha?"

"Vipeperushi elfu moja na mia mbili."

"Mlivigawa. Kisha?"

"Kisha watu wakavipokea."

"Wakavipokea. Kisha ikawaje?"

Fundi alifunua ukurasa, akafunua mwingine. Hapakuwa na kitu cha kusoma. Kiongozi wa soko alikohoa. Tangu saa ile Kinyozi alimpa mgeni jina la Dada Kisha, na jina likamganda.

Dada Kisha hakucheka wala hakukunja uso. Alichukua chaki, akaandika ubaoni maneno matatu: KAZI, BADILIKO, AFYA.

"Mikutano ni kazi," alisema. "Vipeperushi ni kazi. Kazi lazima iwepo, lakini haitoshi. Badiliko ni pale mtu aliyekuwa hajapimwa amepimwa. Aliyeacha dawa amezirudia. Aliyetia chumvi kwa mkono mzima sasa anatia kidogo. Hilo likidumu, ndipo afya inapokuja na viharusi vinapungua. Daftari lenu limejaa hili neno la kwanza. Haya mawili hayamo."

"Lakini nyumba mia nne kumi na mbili zimefikiwa," alisema Kinyozi.

"Neno zuri sana hilo, zimefikiwa. Mlizifikiaje?"

Watu walitazamana. Mwalimu mkuu ndiye aliyejibu. "Tuligawana mitaa. Tukapita nyumba kwa nyumba, mchana. Unapiga hodi mara tatu. Wakifungua, unawaambia waende zahanati wakapimwe. Wasipofungua, unapenyeza kipeperushi chini ya mlango. Halafu unaweka tiki."

"Tiki unaiweka hata kama hukuonana na mtu?"

"Si tumeshafika?" alisema Kinyozi.

Dada Kisha aliandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akawatazama mmoja mmoja.

"Nina swali jingine. Nani hayupo hapa?"

"Tupo wote," alisema Fundi. "Mahudhurio ninayo."

"Sisemi wajumbe, mzee Katibu. Umoja huu ni wa presha. Nani hapa anakunywa dawa za presha?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Na akina mama wa sokoni? Naona mwanzoni walikuwa wanne kwenye mahudhurio. Leo simwoni hata mmoja."

"Waliacha wenyewe," alisema kiongozi wa soko. Kisha akajikuna shingo. "Saa tisa ndiyo saa ya kuuza. Walisema. Tukasema tutaliangalia."

"Mliliangalia?"

"Bado."

Walikubaliana kufanya jambo moja. Waliandika namba za nyumba zote zilizowekewa tiki kwenye vikaratasi. Wakavitia kwenye kofia ya Kinyozi, wakachanganya, wakatoa ishirini bila kuchagua. "Tukichagua wenyewe," alieleza Dada Kisha, "tutachagua kwa marafiki zetu." Wangezitembelea Jumamosi asubuhi, wakati watu wako nyumbani. Wangekwenda wawili wawili. Fundi Saa alipangwa na Dada Kisha.

Nyumba ya kwanza, mwenye nyumba alisema kipeperushi alikiona. Alipimwa? Hapana, alikuwa anakwenda wiki ijayo, tangu mwaka juzi. Nyumba ya pili, baba mmoja alipimwa akakutwa na presha, akanywa dawa mwezi mmoja. Alipojisikia vizuri akaacha.

"Ulijisikia vizuri kwa sababu ya dawa, kaka yangu," alimwambia Dada Kisha. "Presha haikuaga. Ilitulizwa tu. Rudi zahanati, wala usione haya."

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mama Kufuli. Huyu alikuwa bibi aliyeishi peke yake, jirani wa nne kutoka kwa Fundi. Watu walimwita hivyo kwa sababu alifunga mlango kwa kufuli kubwa hata akienda bombani, hatua kumi. Fundi alipiga hodi.

"Karibu," sauti ilijibu kutoka mbali ndani.

Wakangoja. Walisikia kitu kikiburuzwa sakafuni. Wakangoja tena. Fundi alianza kugeuka, mguu wake wenyewe ulikuwa umezoea kuondoka. Dada Kisha alimshika kiwiko.

"Ameitika," alinong'ona.

Mlango ulifunguliwa. Mama Kufuli alisimama ameshikilia kiti alichokuwa akikisukuma mbele yake kama mkongojo. Miguu yake ilikuwa imevimba. Alimtazama Fundi.

"Leo umengoja," alisema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwaka jana ulikuja mara tatu. Ulipiga hodi, nikaitika karibu. Mpaka nifike mlangoni nakuta karatasi. Nikasema huyu jirani ana haraka gani? Karatasi zako hizo hapo, nimefunikia chupa ya chai. Mimi kusoma sijui."

Fundi hakujua aweke wapi macho. Waliingia, wakakaa. Chumba kilikuwa safi na kimya. Ukutani palikuwa na picha za watu wengi, na kitanda kilikuwa kimoja. Dada Kisha alimwacha bibi apumzike kwanza, miguu imekanyaga chini, mkono umelala juu ya meza. Kisha akamfunga mashine. Ikabana, ikalegea. Mia moja tisini kwa mia moja na kumi.

Alipima mara ya pili baada ya kumwacha atulie. Ilikuwa ileile.

"Mama, hii ni presha ya juu sana. Lazima uende zahanati leo, na sisi tutakupeleka. Una maumivu ya kifua? Mkono au mguu umekufa ganzi?"

"Hapana. Kichwa tu, na kichwa nimekizoea."

Walimpeleka. Muuguzi alimpokea, akaanzishiwa dawa. Kwenye benchi la zahanati Mama Kufuli alimwambia Fundi jambo bila hasira yoyote. "Sikuwa nataka karatasi. Nilitaka mtu akae kidogo. Siku nyingine nilikuwa nafika pale mlangoni nimeshapanga cha kukwambia."

Mchana ule Fundi alirudi kibandani. Hakuvaa lenzi. Alichukua daftari la umoja, akafunua taratibu mpaka ukurasa wa nyumba yake mwenyewe. Namba themanini na saba. Palikuwa na tiki tatu, kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wake mzuri. Nyumba imefikiwa. Imefikiwa. Imefikiwa.

Aliikumbuka tiki ya mwisho. Alikuwa anamalizia ukurasa ili umoja ufikishe nyumba mia nne. Alikuwa amekaa mezani kwake. Mke wake alikuwa chumbani, akasema, "Kichwa bado kinaniuma, na huu mkono kama si wangu." Yeye akajibu, "Alhamisi nitamwambia muuguzi." Kisha akaweka tiki. Alhamisi haikumkuta mke wake.

Fundi Saa aliweka mikono miwili juu ya ukurasa, akalia. Alilia kwa sauti, na kwa kuwa hakuna mteja aliyekuja, hakuna aliyemsikia.

Jumatano Kinyozi alipita kibandani. Nyumba zote ishirini zilikuwa zimetembelewa. Katika nyumba saba tu palikuwa na mtu aliyewahi kupimwa. Waliokutwa na presha siku za nyuma walikuwa wanne. Aliyekuwa bado anakunywa dawa alikuwa mmoja.

"Haya mambo yakisomwa kesho tumekwisha," alisema Kinyozi. Leo hakuwa na utani. "Wewe ndiye unayeandika. Andika kwamba nyumba mia nne kumi na mbili zilifikiwa. Hizo ishirini weka nyuma, kwa maandishi madogo. Si uongo, kaka. Miguu yetu ilifika."

"Miguu ilifika," alisema Fundi.

"Unaujua umoja huu ni nini kwangu? Pale dukani nanyoa tu. Pale shuleni mimi ni mwenyekiti. Na wewe bila Alhamisi utafanya nini? Utakaa hapa na kopo lako la betri?"

Lilikuwa swali la kikatili, na la kweli. Kinyozi alipoondoka, alikaa akitazama barabara. Watu walipita wakienda kwao. Aliogopa Alhamisi zisizo na mtu kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Hata hivyo kila alipofumba macho aliona wino wa buluu.

Alhamisi alisimama mbele ya darasa. Kinyozi alimtazama kwa macho ya kumsihi.

"Nitaanza na nyumba namba themanini na saba," alisema Fundi. "Ina tiki tatu. Ni nyumba yangu. Tiki nimeziweka mimi. Mke wangu, mliyemzika nami, hakupimwa. Aliniambia anaumwa, nami nilikuwa nahesabu nyumba."

Alilifunga daftari.

"Watu walinipa pole. Binti yangu aliniuliza, nikamdanganya. Daftari likanisaidia kudanganya. Mimi ni fundi saa. Mteja akija kuchukua saa yake, haniulizi nimeifungua mara ngapi. Anaiangalia kama inatembea. Saa yetu haitembei, jamani. Andikeni hivyo. Kama watatuvunja, watuvunje."

Alikaa. Kisha Kinyozi alivua kofia.

"Mimi mwenyewe sijapimwa," alisema polepole. "Miaka mitatu mwenyekiti wa presha, na sijapimwa. Naogopa ile mashine inavyobana."

Mtu mmoja alicheka, wengine wakafuata. Kilikuwa kicheko cha aibu, lakini kiliwapa pumzi. Ikajulikana kwamba kati ya wajumbe kumi na mmoja, waliopimwa walikuwa wanne. Dada Kisha alifungua mkoba wake, akawapima wote palepale. Ya Fundi ilikuwa mia moja hamsini na nane kwa tisini na sita.

"Iko juu ya mia moja arobaini kwa tisini," alimweleza. "Lakini leo umesimama mbele za watu, umelia moyoni. Kipimo kimoja hakitoshi. Rudi wiki ijayo na nyingine. Ikibaki juu, ndipo tutasema una presha."

"Na umoja?" aliuliza Fundi. "Utavunjwa?"

"Siwezi kukuahidi. Mimi ninaandika nilichokiona. Lakini nimeona umoja mwingi wenye daftari zuri na hakuna wa kusema ukweli wake kwa sauti. Hapa yupo, na hilo nalo nitaliandika."

Jumapili binti alipiga simu.

"Shikamoo baba. Umekula?"

"Marahaba. Sijala," alisema Fundi. "Mwanangu, mama yako hakupimwa. Nilikudanganya. Aliniambia kichwa kinamuuma, sikumpeleka. Na wewe ukapimwe, kwa sababu presha huweza kurithiwa. Ulidhani mama yako hakuwa nayo, kumbe hatukujua kabisa. Mimi pia inaelekea ninayo."

Alimsikia akipumua. Kisha simu ikakatika. Jumapili iliyofuata hakupiga. Wala iliyofuata. Fundi alipiga yeye, simu ikaita mpaka ikachoka. Alijiambia kwamba ameupoteza umoja na mtoto kwa wiki moja, yote kwa mdomo wake mwenyewe.

Umoja haukuvunjwa. Ofisi iliupa miezi tisa ujirekebishe, kisha upimwe tena. Dada Kisha alikuja mara mbili kuwasaidia. Mkutano ulihamishwa kutoka Alhamisi saa tisa hadi Jumanne asubuhi kwenye kibaraza cha zahanati, kabla soko halijachangamka, na akina mama wa sokoni wakarudi. Walifuatwa pia watu watatu wanaotumia dawa za presha, wakapewa sauti sawa na wengine. Mmoja wao alikuwa Mama Kufuli. Alikuja na kiti chake. Siku ya kwanza tu aliwauliza kwa nini dawa hutolewa asubuhi pekee, wakati wenye miguu mibovu hufika mchana. Mwezi uliofuata dawa zilitolewa na mchana.

Daftari lilibadilishwa. Neno "imefikiwa" lilifutwa. Sasa kila ukurasa uliuliza: Nani amepimwa? Nani amekutwa na presha? Nani anaendelea na dawa, na aliyeacha, ameacha kwa nini? Mjumbe hakuruhusiwa kuandika kitu akiwa amesimama mlangoni. Ilibidi akae ndani. Kazi ilikwenda polepole mno. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba zamani alimaliza nyumba arobaini kwa mchana mmoja, sasa anamaliza tano na ananyweshwa chai mpaka anaumwa tumbo.

Kinyozi aliweka mashine ya presha dukani kwake. Kwanza unapimwa, ukiwa umekaa umetulia, kisha unanyolewa. "Nikikunyoa kwanza," alisema, "ukijiona kwenye kioo presha inapanda."

Fundi Saa alipimwa mara ya pili na ya tatu. Ilibaki juu. Alianza dawa, kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Alipunguza chumvi. Alitembea kila siku mpaka kwa Mama Kufuli na kurudi, na huko alikaa. Wakati mwingine hawakusema mengi. Nyumbani kwake bado palikuwa kimya, na kimya kile hakikuzoeleka.

Jumapili ya sita simu ililia.

"Nimepimwa mara mbili," alisema binti, bila salamu. "Mia moja sitini kwa mia moja. Wamenipa dawa." Akakata.

Fundi alikaa na simu mkononi. Alikuwa na huzuni, na chini ya huzuni palikuwa na shukrani kubwa. Mtoto wake alikuwa na miaka thelathini na minne. Bila kuambiwa ukweli asingepimwa kamwe.

Miezi tisa ilitimia. Dada Kisha alirudi, vikaratasi vikaingia kofiani, nyumba ishirini zikatolewa bila kuchagua. Safari hii nyumba kumi na sita zilikuwa na watu waliopimwa. Waliojulikana kuwa na presha walikuwa kumi na watatu, na tisa kati yao walikuwa wanaendelea na dawa. Fundi alisimama kusoma.

"Wanne wameacha," alisoma kwanza. "Mmoja anasema dawa zinampa kikohozi. Mmoja amehama. Wawili hatujajua, tunakwenda kesho. Tisa wanaendelea."

"Mbona unaanza na walioacha?" aliuliza Kinyozi.

"Hao tisa wameshapata watu wa kuwaangalia."

Dada Kisha aliandika hilo neno kwa neno. Umoja ukabaki.

Fundi alipofika nyumbani alikuta mlango wazi. Binti alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mama yake, viatu bado miguuni, begi halijafunguliwa. Hakuwa amekuja tangu mazishi. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, na alifanana na mama yake mpaka Fundi akashika ukuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Dawa unakunywa?"

"Nakunywa. Na wewe?"

"Kila siku." Alinyoosha shuka kwa kiganja, pale mama yake alipokuwa akilala. "Sikuja kukusamehe. Sijui kama nimekusamehe. Nimekuja kusikia. Uliniambia aliumwa kichwa. Kichwa kilimuuma siku ngapi?"

Fundi Saa aliketi kando yake. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo, na yeye alikuwa amelihesabu peke yake kila asubuhi kwa karibu miaka miwili.

"Siku kumi na moja," alisema.

Binti aliinamisha kichwa. "Nieleze zote. Anza na ya kwanza."

Fundi akaanza na ya kwanza.